Nilitia mkono wa kushoto kwenye sinia ya watu, je wamenitenga?

"Salamu. Mimi ni dada wa miaka 27, kwetu ni Nyeri, kazi imenileta Mombasa juzi juzi tu. Wenzangu ofisini ni wenyeji, karibu wote Waislamu, na wamenikaribisha vizuri sana, kila Ijumaa jioni tunaenda kula nje, saa ingine Lighthouse kule kando ya bahari, saa ingine vibanda vya Mji wa Kale. Shida ni kwamba mimi natumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Ijumaa moja tuliletewa pilau na mishkaki kwenye sinia moja, nikatia mkono wa kushoto, alafu nikachukua nyama iliyokuwa katikati. Kukawa kimya kidogo, hakuna aliyesema kitu. Ijumaa iliyofuata nikaona nimeagiziwa sahani yangu peke yangu na uma, wao wanakula pamoja. Nimeumia sana. Wamenitenga? Wananiona mchafu? Alafu kuna siku nilikula viazi karai na chatini tumbo likaniendesha siku mbili, sasa naogopa, lakini naogopa pia kukataa wakinikaribisha. Na Ramadhani ikifika mchana nitakula wapi? Naomba unieleze taratibu za huku manake hakuna anayenieleza."

Dadangu, wacha nianze na hilo linalokuumiza kabla ya lingine lolote. Hukutengwa vile unavyofikiria. Hao wenzako siwajui kwa hivyo siwezi kuapa, lakini mimi ni mtoto wa Mombasa na kazi yangu ni afya ya umma upande wa chakula, kwenye vibanda hivi nimeshinda sana kwa kukagua na kwa kula, na hio sahani na uma ulioletewa naielewa. Watu wanaotaka kukutenga hawakualiki Ijumaa ya pili. Watakwambia wamechoka, leo hawatoki, wana wageni nyumbani. Hawa walitoka na wewe, wakakuagizia, wakakutafutia na uma ambao vibanda vingine hata havina, kwa sababu waliona kula kwa mkono kunakutatiza. Kosa lao ni moja tu, hawakukwambia. Na kutokwambia nako ni adabu ya huku, mgeni hasahihishwi mbele ya chakula, ni aibu kubwa kumwambia mtu mwenye tonge mdomoni kwamba hivyo sivyo, sasa mtu anatafuta njia ya kimya ya kulimaliza jambo na hio njia ya kimya ndo ikakuumiza kuliko vile maneno yangekuumiza.

Lakini nisikudanganye, ule ukimya ulikuwa na sababu, tena sababu mbili.

Ya kwanza unaijua tayari. Huku Pwani mkono wa kushoto una kazi yake. Msalani watu hutumia maji, na kujisafisha ni kwa kushoto siku zote, mtoto anafundishwa hivyo mapema mno. Mkono wa kulia ndo wa kula, wa kusalimia, wa kupeana kitu. Kwa Waislamu hili ni la dini pia, ni mafunzo ya Mtume Muhammad kwamba mtu akila ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kila mtoto wa madrasa anayajua haya matatu. Kwa hivyo mkono wa kushoto ukiingia kwenye sinia, mtu wa hapa mwili wake unashtuka kabla hajafikiria lolote, hata kama anakupenda, hata kama amekuona ukinawa kwa sabuni. Hajaamua kukudharau, ni mazoea ya tangu utoto yanamtoka yenyewe.

Sasa uliuliza kama wanakuona mchafu. Kwa upande wa taaluma yangu nakwambia waziwazi, mkono wa kushoto ulionawiwa vizuri ni msafi sawa na wa kulia ulionawiwa vizuri, na mkono wa kulia uliotoka kushika simu, noti na mlango wa matatu bila kunawa ni mchafu kuliko wako. Vijidudu havijui kushoto na kulia. Lakini pia usiudharau huo utaratibu ukauona ni ushirikina. Watu wamekula sinia moja miaka na miaka kabla ya mtu yeyote kujua bakteria ni nini, na sheria ya mkono huu ni wa kazi ile na mkono huu ni wa chakula ilikuwa njia ya kutenganisha uchafu na chakula ambayo kila mtu anaweza kuifuata hata siku ambayo sabuni hakuna. Faida yake nyingine ni kwamba inaonekana. Wewe huwezi kujua jirani yako kwenye sinia alinawa vipi, ila unaona anatumia mkono gani, na kwa kule kuona unapata amani ya kula naye.

Sababu ya pili ndo nadhani hukuijua kabisa, na mimi nahisi iliwashangaza karibu sawa na ile ya mkono. Ni ile nyama. Sinia ina mipaka japo haijachorwa. Kila mtu ana upande wake, kile kipande cha wali kilicho mbele yako kuanzia ukingoni kwenda ndani, na unakula hapo hapo, huvuki kwenda kwa mwenzio hata kama kwake kuna kiazi kizuri. Katikati ndo huwekwa nyama, kuku, mishkaki, na ile si ya kuvamia. Anayegawa ni mkubwa wa pale, ama aliyealika, anakatakata anawasogezea watu mbele yao, na mara nyingi mgeni ndo anapewa kipande kizuri kwanza. Kwa hivyo inawezekana kabisa nyama ile uliyochukua ungepewa wewe dakika mbili baadaye. Ukisogezewa ndo adabu imetimia, ukisema "inatosha, na wewe kula" watafurahi, na watakuongezea vile vile.

Basi ufanyeje. Kwanza ongea na mtu mmoja, si kikundi. Pale ofisini lazima kuna mama mmoja mtu mzima kidogo, ama yule dada uliyemzoea zaidi, muite pembeni siku ya kazi, isiwe mezani, umwambie, "Dada, mimi natumia kushoto tangu nizaliwe na siku ile sikujua, niwieni radhi, nataka kula na nyinyi, nifundishe." Hayo tu. Watu wa huku mtu akikwambia nifundishe anakupa heshima, hawezi kukataa, na ndani ya siku moja atakuwa amewaambia wengine wote kwa upole na hio sahani ya peke yako itakuwa imepata maelezo yake. Ukinyamaza na wao wakinyamaza, kila Ijumaa itazidi kuwa nzito.

Kuhusu mkono wenyewe una njia tatu na zote zinakubalika. Ya kwanza ni kijiko kwenye sinia hio hio. Watu wengi wa Mombasa siku hizi wanakula pilau na kijiko, si ugeni, na kijiko ukikishika kwa kulia hata kama kinayumba kidogo hakuna atakayesema kitu. Ya pili ni kuuzoesha mkono wa kulia. Inawezekana, ila anza na vyakula vikavu vya kushika, mahamri, muhogo wa kuchoma, sambusa, kababu, vitu ambavyo havihitaji ufundi wa vidole, wali uache mwisho kwa sababu wali ndo mgumu kuliko vyote. Ya tatu ni kubaki na sahani yako na kula kwa mkono unaouweza, na nakuhakikishia ukishasema sababu yako hio sahani haitakuuma tena. Ukiniuliza mimi ningechagua kijiko sasa hivi na mazoezi ya mkono pole pole nyumbani, manake kwenye sinia ndo maneno yanatoka, ndo unajulishwa nani ameolewa na nani mgonjwa, ukikaa na sahani yako pembeni unayakosa yale. Lakini hulazimiki. Karibu mtu mmoja kwa kila kumi anatumia mkono wa kushoto, ni ubongo ulivyopangwa, si tabia mbaya. Na wazazi wenzangu mnaosoma hapa, naomba sana, mfundisheni mtoto wa kushoto kula kwa kulia kwa upole kama mnavyomfundisha kunawa, lakini msimpige vidole na msimzuie kuandika kwa mkono wake. Nimeona watoto wanaingia hofu ya chakula kwa sababu ya kofi la mezani. Dini yenyewe inampa nafasi mwenye udhuru.

Ukianza kula kwa mkono, tumia ncha za vidole, kiganja kibaki kikavu. Unakusanya wali kidogo mbele yako, unaubana, unausukuma mdomoni kwa kidole gumba. Usilambe vidole katikati ya kula ukarudisha kwenye sinia, hio ngoja mwisho. Mfupa weka pembeni mbele yako, usiurudishe kwenye wali. Kushoto kunaweza kusaidia kushikilia chapati huku kulia kunakata, hilo hakuna anayelijali. Na ukitaka maji na vidole vya kulia vimejaa mafuta, angalia wenzako wanavyofanya, wanashika bilauri kwa kushoto wanaiegemeza juu ya mgongo wa mkono wa kulia ndo wanakunywa. Pesa na vyombo peana kwa kulia, ukisahau sema tu "samahani, kushoto" na mtu atakwambia hamna neno.

Kuna jambo moja dogo lina uzito mkubwa sana: kunawa. Pale ambapo maji yanakuja kwa birika na beseni, mdogo ndo huwamiminia wakubwa. Ukisimama wewe ukashika birika kwa mkono wa kulia ukawamiminia wenzako kuanzia aliye mkubwa, umeshawaonyesha kila kitu walichotaka kujua juu yako. Hata kiafya maji ya kumiminwa ndo bora, uchafu unaondoka na maji, tofauti na beseni moja ambalo watu sita wanachovya mikono humo humo, wa sita anapata ya wote. Baada ya korona ya 2020 vibanda vingi viliweka mitungi yenye mfereji na sabuni, na palipo na mtungi huo nenda hapo bila kuona haya, sekunde 20 na sabuni, kabla na baada.

Hili la karibu nalo linawachanganya wageni wengi. Mtu anayekula ukimpita atakwambia "karibu" ama "bismillahi, karibu", hata kama hakujui. Hio ni salamu, anaitoa kwa kila mtu kwa sababu ni vibaya kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Jibu lake ni "starehe" ama "asante, starehe", unapita na safari yako. Ukikaribishwa kweli utajua, mtu atasogea akupe nafasi, atarudia mara ya pili na ya tatu, atamwita muuzaji aongeze. Hapo kukaa ni vizuri, na kama huwezi kula onja kitu kimoja useme nimeonja, alhamdulillahi ama Mungu ashukuriwe, umeshatimiza. Kukaribisha na wewe kunakuhusu, ukiwa na pakiti ya krispi za muhogo pale Lighthouse na mwenzio anafika, mkaribishe kabla hujaendelea kutafuna.

Kulipa, aliyesema twendeni ndo analipa. Kugawana bili mtu kwa mtu, wewe ulikula mishkaki minne mimi mitatu, huku kunaonekana ubahili hata kama hesabu ni ya haki. Kulingana kwake ni kwa zamu, kwa hivyo Ijumaa moja wewe ndo useme twendeni leo niwapeleke, alafu inuka mapema ukamalizane na muuzaji kabla hawajaanza kuvutana.

Kwa muuzaji mwenyewe, salimia kwanza. Masalkheri mama, ama habari za jioni mzee, ama assalaam alaykum kama unaweza, alafu ndo useme unataka nini. Mtu anayefika na "nipe viazi vya hamsini" bila salamu anahudumiwa lakini anakumbukwa vibaya. Chakula kilichopikwa hakipigwi bei kama nguo, uliza bei mwanzo, ukiiona kubwa shukuru uende. Usichague kwa kubonyeza bonyeza chakula kwa mkono, onyesha kwa kidole atakuchukulia yeye kwa koleo. Sehemu nyingi unakula kwanza unalipa mwisho na hesabu ya mishkaki ni vijiti vilivyobaki mbele yako, sasa usivitupe, huo ni uaminifu mkubwa wanaowapa watu na ukivunjwa na mmoja wanaumia wote. Ukimaliza kula inuka, benchi ni fupi na wengine wamesimama. Kula huku unatembea barabarani watu wazima wa Mji wa Kale hawapendi, kaa ukutani, kaa kwenye gari, lakini kaa. Kifuu cha dafu mrudishie muuzaji, pale Mama Ngina ukikitupa kinateremka baharini. Picha uliza kwanza, hasa kwa kina mama. Na pombe usiilete kabisa karibu na meza hizo.

Sasa tumbo. Umeilaumu chatini na huenda ni yenyewe kweli, lakini mtu akiharisha hulaumu kitu cha mwisho alichokula na mara nyingi sicho. Sumu ya bakteria fulani inaweza kukushika ndani ya saa chache tu, lakini bakteria wa Salmonella anaweza kuchukua siku kadhaa, na homa ya matumbo wiki na zaidi. Kwa hivyo chakula cha mchana wa jana yake ofisini kinaweza kuwa ndo mkosaji na yule mama wa viazi amepoteza mteja bure.

Hatari ya chakula cha nje haiko sana kwenye barabara wala vumbi kama watu wanavyodhani. Iko kwenye muda, joto la chakula, na maji. Bakteria huzaana haraka sana kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi, na hewa ya Mombasa jioni iko katikati hapo kabisa. Kitu kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka ama kwenye makaa ukakila kinafuka moshi ni salama kuliko vyakula vingi vya hotelini vilivyokaa mezani tangu saa sita. Viazi karai vikitoka kwenye karai ni salama, lakini hivyo hivyo vikikaa kwenye sinia wazi zaidi ya saa mbili si salama tena, na kuvipasha tu hakutoshi siku zote kwa sababu kuna sumu za bakteria ambazo moto hauziondoi.

Chatini ziko mbili na hazifanani. Ya ukwaju ni chachu, na kwenye uchachu bakteria hawazaani vizuri, kwa hivyo hio haina neno sana isipokuwa ikiongezwa maji mabichi. Ya nazi ni nyingine kabisa, haina uchachu wa kutosha, ina mafuta na sukari, na kwa joto letu inaharibika upesi hata kabla hujaisikia harufu. Hio kula mapema jioni, kwa muuzaji mwenye wateja wengi ambaye inaisha inaletwa nyingine, saa tatu nne usiku iache. Na bakuli la chatini la meza nzima usichovye kiazi ulichokwisha kukiuma, mimina kwenye sahani yako. Hapo adabu na afya zinasema kitu kimoja. Wale wanaosema pilipili na ndimu vinaua kila kitu wasikudanganye, vinapunguza kidogo, havitibu chakula kilicholala.

Maji ndo shida kubwa ya mji huu. Sisi tuko kisiwani na maji yetu yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, na mifereji mitaani siku nyingi mikavu, kwa hivyo muuzaji ananunua maji ya mitungi kutoka kwa mkokoteni na anayabana. Ndo maana unaona sahani zinaoshwa ndoo moja jioni nzima. Simlaumu, najua anayalipia, lakini angalia ile ndoo. Ikiwa maji yake yamegeuka rangi omba ufungiwe kwenye karatasi. Vikombe vidogo vya kahawa chungu navyo huoshwa ndoo hio hio, mwombe muuzaji akisuuze kwanza kwa kahawa ya moto, wengi hawakatai. Juisi ya miwa ni tamu mno lakini swali ni barafu imetoka maji gani, omba bila barafu. Dafu ndo kinywaji ninachokipendekeza kuliko vyote, maji yake yamefungwa ndani na nazi yenyewe, kilichobaki ni panga na mrija tu. Na glavu zisikutulize, mtu mwenye glavu anayepokea pesa kwa glavu hizo hizo akarudi kukata nyama ni afadhali angekuwa mikono mitupu na ananawa. Mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: anayeshika chakula na anayeshika pesa ni watu wawili? Ama malipo ni ya simu? Kibanda hicho nakaa. Muuzaji pia anatakiwa awe na cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, unaweza kukiulizia, ila uliza kwa heshima na si mbele ya wateja wake.

Kukataa basi kuwe kwa kitu, kusiwe kwa mtu wala mahali. Usiseme "mimi sili vya barabarani", neno hilo linawatukana waliokualika wote na yule mama anayepika. Sema "leo tumbo langu halipendi nazi, nipeni mishkaki". Hakuna atakayekulazimisha.

Ukiharisha tena, kunywa maji ya chumvi na sukari tangu mara ya kwanza, usingoje. Pakiti za duka la dawa ndo bora, ukikosa ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kusawazisha si vya kujaza kilima, kwenye lita 1 ya maji safi. Usikimbilie antibiotiki, nyingi ya hizi kesi hazizihitaji. Lakini nenda kituo cha afya siku hio hio ukiona damu, ama homa kali, ama unatapika hata maji hayakai, ama mkojo umepungua na kichwa kinazunguka, ama imepita siku tatu haijakata. Na choo kikitoka kama maji ya mchele, kingi na mfululizo, usingoje asubuhi, hio inaweza kuwa kipindupindu na kipindupindu kinamaliza maji ya mwili ndani ya saa chache, kunywa ukiwa njiani. Mkiumwa watu wawili watatu mliokula pamoja mwarifu afisa wa afya wa kaunti ndogo yenu, hatuendi kumfunga mtu, tunaenda kutafuta maji yamechafukia wapi kabla hawajaumwa wengine.

Ramadhani isikutishe. Wewe si Muislamu na hakuna anayekutarajia ufunge. Vibanda vingi vya Mji wa Kale mchana vinafungwa, lakini mikahawa ya mjini mingine inabaki wazi, na ofisini beba chakula chako ule mahali palipo na mlango. Usile wala kunywa mbele ya waliofunga barabarani, na usiwaambie pole kila saa, wao wanaipenda ibada yao. Kuanzia alasiri ndo utaona Mombasa ingine, meza zinatoka kila kona na kaimati, vitumbua, sambusa, mkate wa sinia, viazi vya rojo. Nunua mapema kidogo, ile nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi waachie waliofunga, wana haraka ya kufika nyumbani, na usiombe kuonjeshwa manake muuzaji mwenyewe amefunga, hajui hata chumvi imekaa vipi. Adhana ikikukuta kibandani na mtu akakunyooshea tende, pokea kwa mkono wa kulia, kula. Na wenzako wakikualika kufuturu nyumbani, wataalika tu, usiende mikono mitupu, lakini usipeleke nyama uliyopika mwenyewe kwa sababu watajiuliza imechinjwa na nani na wataona haya kukuuliza. Peleka tende, matunda, ama halua, na ufike dakika kumi kabla ya magharibi.